Wanawake wa Uingereza kwenye turubai: Picha za karne ya 18 zilimtumikia nani?

Katika jumba la Kenwood, kaskazini mwa jiji la London, zimetundikwa picha mbili za wanawake walioishi wakati mmoja, lakini ambao kwa desturi za zama zao hawakupaswa kuketi sebule moja. Wa kwanza ni Mary, Countess Howe, mke wa kamanda wa jeshi la wanamaji. Thomas Gainsborough alimchora katika miaka ya 1760 akitembea nje, amevaa gauni la rangi ya waridi, huku mawingu mazito yakijikusanya nyuma yake. Wa pili ni Kitty Fisher, kimada wa matajiri. Joshua Reynolds alimchora mwaka 1759 akiwa ameshika lulu juu ya kikombe, mfano wa Malkia Cleopatra wa Misri katika kisa kile cha kale kinachosema kwamba aliyeyusha lulu ya thamani kubwa ndani ya siki, akainywa, ili kushinda dau.

Picha hizo ni sehemu ya mkusanyiko ulioachiwa taifa mwaka 1927, na mgeni hatozwi kiingilio kuziona. Akisimama mbele yake, rangi haitamwambia nani alikuwa mke wa ndoa na nani alikuwa kimada. Wote wawili wana vito, kitambaa cha thamani na utulivu wa watu wasio na haraka. Tofauti iko nje ya fremu: nani alilipa, nani aliamua mavazi na mkao, na picha ilipotoka mikononi mwa mchoraji ilimfanyia nini mwenye sura ile. Kwa mwanamke wa wakati huo hili halikuwa suala la mapambo. Jina jema lilikuwa mtaji wake, na likichafuka haikuwa rahisi kulisafisha.

Kiti juu ya jukwaa

Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa na fedha nyingi mpya. Biashara ya baharini, mapato ya wenye ardhi, na sukari iliyozalishwa na Waafrika waliofanywa watumwa katika visiwa vya Karibiani vilijenga majumba makubwa ambayo kuta zake zilisubiri kujazwa. Tofauti na Italia au Uhispania, Kanisa la huko halikuwa mnunuzi mkubwa wa picha za dini, na tajiri aliyependa visa vya kale alinunua kazi za mabingwa wa Italia waliokwisha kufa. Mchoraji Mwingereza aliyetaka kula alichora sura za watu walio hai.

Aliyefanikiwa kuliko wote ni Reynolds, mtoto wa mwalimu kutoka Plympton, kusini-magharibi mwa nchi. Daftari lake la mwaka 1758 lina miadi ya watu wapatao 150. Kuanzia mwaka 1760 alifanyia kazi katika nyumba yake ya Leicester Fields, mahali panapoitwa leo Leicester Square. Mtu aliyekuja kuchorwa aliketishwa kwenye kiti kilichowekwa juu ya jukwaa dogo, ili macho yake yalingane na ya mchoraji aliyekuwa amesimama. Kiti hicho kingalipo; kimehifadhiwa na Chuo cha Kifalme cha Sanaa, ambacho Reynolds alikuwa rais wake wa kwanza. Nusu ya malipo ilitolewa siku ya kwanza na nusu ya pili kazi ilipokamilika. Kufikia miaka ya 1780 picha ya mwili mzima, toka utosini hadi wayo, iligharimu gini 200, yaani pauni 210. Mjakazi wa ndani katika jiji hilohilo alilipwa pauni chache tu kwa mwaka, pamoja na chakula na mahali pa kulala.

Kwa fedha hizo mteja hakupata mkono wa bwana mkubwa kila mahali. Reynolds alichora uso na kupanga mkao. Mavazi, mapazia na mandhari mara nyingi yalikuwa kazi ya wasaidizi, wengine wao wakiwa mafundi wasiofanya kitu kingine ila kuchora nguo. Huo ulikuwa utaratibu wa kawaida na haukumshangaza mtu. Lawama iliyokuwa na uzito ni nyingine. Reynolds alipenda mno majaribio. Wekundu wa mashavu aliupata kwa rangi itokanayo na wadudu, ambayo hufifia inapopigwa na mwanga kwa miaka mingi, na katika vivuli alichanganya wakati mwingine lami, ambayo hupasuka. Wateja walilalamika angali hai. Ndiyo maana wengi wa wanawake aliowachora wanaonekana leo wamepauka kama waliotoka kuugua. Mtazamaji asidhani kwamba ndivyo walivyoonekana walipolipiwa gini zile.

Mpinzani wake Gainsborough, mtoto wa mfanyabiashara wa nguo kutoka Sudbury, alikuwa mtu wa namna nyingine. Alichora mavazi kwa mkono wake mwenyewe, pengine kwa mwanga hafifu wa mishumaa na kwa brashi zilizofungwa kwenye vijiti virefu, ili asimame mbali na turubai sawa na alivyosimama mbali na mchorwa. Ukiisogelea picha yake, hariri inageuka kuwa mikwaruzo tu. Ukirudi nyuma hatua kadhaa, inakuwa hariri tena. Kwa mwandishi wa makala haya, hakuna Mwingereza mwingine wa karne ile aliyeweza jambo hilo kwa wepesi kama yeye.

Wawili hao walihitilafiana juu ya swali linaloonekana dogo: mwanamke avae nini ndani ya picha? Reynolds alishikilia kwamba mitindo hupitwa haraka, hivyo picha inayotaka heshima ya vizazi vijavyo imvishe mwanamke mashuka mapana yanayokumbusha sanamu za Ugiriki na Roma. Akamchora Lady Sarah Bunbury akitoa sadaka mbele ya sanamu ya miungu wa kike watatu. Mwaka 1773 akawachora dada watatu wa ukoo wa Montgomery wakipamba kwa mashada ya maua nguzo ya mungu wa ndoa. Picha hiyo iliagizwa na mchumba wa mmoja wao. Gainsborough alipinga. Mwaka 1771 Lodi Dartmouth hakuridhishwa na picha ya mkewe, naye Gainsborough akamwandikia kwamba mavazi ya kubuni ndiyo yaliyoharibu mfanano, akajitolea kumchora upya bibi huyo kwa nguo za siku zile.

Hoja za pande zote mbili zina mashiko. Lakini msomaji atazame ni nani waliokuwa wakiandikiana barua: mchoraji na mume. Katika mjadala huo juu ya gauni la Lady Dartmouth, sauti ya mvaaji haisikiki.

Paka mdogo, samaki na umati dirishani

Kitty Fisher hakuwa na mume wa kumwandikia mtu yeyote, na hapo ndipo kisa chake kinapopata maana. Mwezi Machi mwaka 1759, akiwa msichana anayejulikana mjini kwa uzuri na ubadhirifu, alianguka kutoka juu ya farasi katika bustani ya St James's. Ajali hiyo ndogo ikageuka kuwa karamu ya wachapishaji. Vijitabu, nyimbo za kejeli na picha za vichekesho vikauzwa barabarani, vyote vikicheza na neno "kuanguka", ambalo kwa mwanamke lilikuwa na maana ya pili.

Alijibu kwa njia mbili. Kwanza, alitoa tangazo katika gazeti la Public Advertiser akilalamika kwamba ametukanwa magazetini na kuanikwa katika maduka ya picha. Pili, mwaka huohuo alikwenda kuketi kwenye kiti cha Reynolds. Akatoka humo kama Cleopatra: mwanamke anayechezea mali badala ya kuchezewa nayo. Reynolds alimchora mara kadhaa, na kazi hizo zikachongwa kwenye mabamba ya shaba na kuchapwa nakala za bei nafuu. Mchoraji alipata umaarufu, mchongaji alipata fedha, na Kitty Fisher alipata sura aliyoshiriki kuitengeneza, ya kushindana na zile zilizotengenezwa na wengine.

Mwaka 1765 mchoraji Nathaniel Hone alimchora tena, safari hii kwa mzaha. Kando yake yumo paka mdogo anayejaribu kuvua samaki kutoka kwenye bakuli la kioo, kwa kuwa jina lake la kwanza kwa Kiingereza ni paka mdogo na la pili ni mvuvi. Asiyetazama kwa makini anaishia hapo, akacheka na kupita. Anayetazama kwa makini anaona kwamba juu ya kioo cha bakuli limeakisiwa dirisha, na dirishani umejaa umati wa watu wanaochungulia ndani. Picha hiyo imo katika mkusanyiko wa Jumba la Taifa la Picha za Watu mashuhuri, London. Aliolewa mwaka 1766 na mtu wa familia ya heshima, akafariki mwaka uliofuata.

"Picha ya bibi mmoja"

Chuo cha Kifalme cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1768, na maonyesho yake ya kila mwaka yakawa miongoni mwa matukio makubwa ya msimu wa London. Kiingilio kilikuwa shilingi moja. Kuanzia mwaka 1780 yalifanyika Somerset House, katika ukumbi ambamo picha zilibanwa fremu kwa fremu, kutoka usawa wa kiuno hadi karibu na dari. Orodha iliyouzwa mlangoni kwa kawaida haikutaja majina. Iliandika tu kwamba hii ni picha ya bibi mmoja. Watu walikuja kutambua nani ni nani, na kesho yake magazeti yaliwasaidia waliokosea. Hivyo mke wa lodi, mwigizaji wa tamthilia na kimada wa mwana wa mfalme wangeweza kuning'inia ukuta mmoja, wakitazamwa na mwenye duka aliyelipa shilingi yake kama mtu mwingine yeyote.

Miongoni mwa waanzilishi wa chuo hicho walikuwamo wanawake wawili tu, Angelica Kauffman na Mary Moser. Johan Zoffany alipochora wanachama wa chuo wakiwa darasani mbele ya mwanamume aliye uchi, mwanzoni mwa miaka ya 1770, hakuweza kuwaweka wenzake hao chumbani, kwa kuwa haikuruhusiwa mwanamke kuhudhuria somo la namna hiyo. Akawatia kama picha mbili zilizotundikwa ukutani. Baada yao hakuna mwanamke mwingine aliyechaguliwa kuwa mwanachama kamili hadi Laura Knight, mwaka 1936. Wakati huo wote kuta za maonyesho zilikuwa zimejaa nyuso za wanawake.

Aliyezitumia macho ya watu kwa ujasiri kuliko wengi ni Georgiana, Duchess wa Devonshire. Katika uchaguzi wa Westminster wa mwaka 1784 alitoka barabarani kumpigia kampeni Charles James Fox, miaka mingi kabla mwanamke yeyote wa nchi hiyo hajaruhusiwa kupiga kura ya bunge. Wachora vibonzo walimshambulia bila huruma, wakidai ananunua kura za wauza nyama kwa mabusu. Baada ya hapo Gainsborough alimchora akiwa na kofia pana yenye manyoya, na kofia hiyo ikaigwa na wanawake wengi mjini. Picha yenyewe ilipata misukosuko kuliko mwenyewe. Karne iliyofuata ilikutwa kwa mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa ameikata sehemu ya chini ili itoshee juu ya meko yake. Mwaka 1876 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya gini 10,000, na wiki chache baadaye ikaibwa usiku na mhalifu Adam Worth, aliyekaa nayo kwa robo karne hadi ilipokabidhiwa Chicago mwaka 1901. Leo iko Chatsworth, katika jumba la ukoo wa Devonshire.

Nguo za Lady Worsley

Kuna picha moja inayoonyesha vizuri zaidi mpaka wa kile ambacho turubai lingeweza kumfanyia mwanamke. Seymour Dorothy Fleming aliolewa na Sir Richard Worsley mwaka 1775, akiwa bado kijana, na akaja na mali nyingi. Reynolds alimchora akiwa amevaa vazi jekundu la kupandia farasi lililoshonwa kwa kuiga sare ya kikosi cha mgambo cha mumewe. Mkono mmoja umeshika kiuno, mwingine umeshika mjeledi. Amesimama kama mtu anayetarajia kutiiwa. Picha hiyo ilionyeshwa hadharani mwaka 1780.

Mwezi Novemba mwaka 1781 alitoroka na Kapteni George Bisset. Hapo sheria ikaingia. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, mume na mke walihesabiwa kuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume. Mali ya mke iliingia mikononi mwa mume. Hata nguo na vito alivyoviacha nyumbani vilikuwa chini ya mamlaka yake. Mwanamke aliyechorwa kwa vazi la fahari hakuwa na haki ya kulidai vazi hilo. Vilevile mume hakumshitaki mkewe. Alimshitaki mwanamume mwenzake, kama anayedai fidia ya mali iliyoharibiwa, na Sir Richard alidai pauni 20,000.

Kesi ilisikilizwa mwezi Februari mwaka 1782 mbele ya Lodi Mansfield, jaji mkuu. Bibi mwenyewe hakuwa upande wowote wa shauri, na hakuitwa kusema neno. Lakini mawakili wa Bisset walileta mashahidi, wakiwemo wanaume waliokuwa wapenzi wake kabla, ambao ushahidi wao ulionyesha kwamba mume alijua na hata alishiriki. Ilielezwa kwamba aliwahi kumwinua Bisset mabegani ili amchungulie mkewe akiwa uchi katika nyumba ya kuogea huko Maidstone. Baraza la wazee wa mahakama lilikubali kwamba kosa limetendeka, likampa mume fidia ya shilingi moja.

Lady Worsley alikuwa ameruhusu jina lake liburuzwe ili mpenzi wake asifilisike. Alishinda, na akalipa kwa kuishi miaka mingi pembezoni mwa jamii. Mali aliyokuja nayo ilimrudia mwaka 1805 tu, mumewe alipofariki. Mwaka huohuo akaolewa tena na kurudia jina la ukoo wake. Sheria iliyowapa wanawake walioolewa umiliki kamili wa mali yao ilipitishwa mwaka 1882. Picha ya vazi jekundu iko katika jumba la Harewood, Yorkshire, nyumba iliyojengwa kwa utajiri wa sukari na utumwa wa Karibiani.

Binti aliyekuwa nyumbani kwa jaji

Lodi Mansfield aliyesikiliza kesi hiyo ndiye aliyekuwa mwenyeji wa Kenwood, jumba lilelile lenye picha za Mary Howe na Kitty Fisher, ingawa picha hizo zilifika huko muda mrefu baada yake. Ndiye pia aliyeamua, mwezi Juni mwaka 1772, kwamba James Somerset, Mwafrika aliyetoroka kwa bwana wake na kukamatwa, hawezi kuondolewa Uingereza kwa nguvu na kupelekwa kuuzwa Jamaica. Na nyumbani kwake alikuwa akilelewa Dido Elizabeth Belle, aliyezaliwa mwaka 1761, binti wa mpwa wake Kapteni John Lindsay na Maria Belle, mwanamke wa asili ya Kiafrika aliyekuwa mtumwa.

Waafrika hawakuwa wageni katika picha za wanawake wa tabaka la juu. Tangu karne ya 17 wachoraji waliweka mtoto au mtumishi mweusi kando ya bibi, akishika tunda, kasuku au lulu, ili weupe na utajiri wa bibi uonekane zaidi. Reynolds mwenyewe alifanya hivyo. Katika picha ya Lady Elizabeth Keppel ya mwaka 1761, yumo mwanamke mweusi anayemkabidhi shada la maua huku akimtazama kwa kuinua macho. Anwani ya picha ina jina la Keppel peke yake.

Picha ya Dido, iliyochorwa yapata mwaka 1779, inaanza kwa desturi hiyohiyo kisha inaiacha. Binamu yake, Lady Elizabeth Murray, ameketi mbele akiwa na kitabu. Dido yuko nyuma yake kidogo, amevaa kilemba chenye unyoya na kubeba matunda, kama watumishi wa picha zile nyingine. Lakini gauni lake ni la hariri ing'aayo, shingoni ana lulu, na hamtazami bibi yeyote kwa kuinua macho. Anamtazama mtazamaji moja kwa moja, anatabasamu, na kidole chake kimegusa shavu. Elizabeth amenyoosha mkono kumshika, na haieleweki kama anamvuta karibu au anamzuia asiondoke.

Utata huo ulikuwapo pia nje ya picha. Thomas Hutchinson, gavana wa zamani wa Massachusetts, alipoalikwa Kenwood mwaka 1779 aliandika katika shajara yake kwamba binti huyo aliingia baada ya chakula, akaketi na mabibi wengine, kisha akatembea nao bustanini. Mezani hakuwapo. Alisimamia maziwa na kuku wa jumba hilo. Mansfield alipofariki mwaka 1793 alimwachia pauni 500 na pauni 100 kwa kila mwaka wa uhai wake, kiasi cha kumtosha kuishi kwa heshima, ingawa Elizabeth alipata zaidi sana. Katika wosia huohuo alithibitisha kwamba Dido ni mtu huru. Jaji aliyeijua sheria kuliko wote aliona bado kuna haja ya kuliandika jambo hilo.

Mwishoni mwa mwaka huo Dido aliolewa na John Davinier, wakapata watoto wa kiume. Alifariki mwaka 1804 na kuzikwa katika makaburi ya St George's Fields, London, ambayo yalipisha nyumba za makazi katika miaka ya 1970. Kwa miaka mingi picha yake ilitambulishwa kwa jina la binamu yake tu, na ilidhaniwa kuwa kazi ya Zoffany, hadi uchunguzi wa miaka ya karibuni ulipoonyesha kwamba mchoraji ni Mskoti David Martin. Iko katika jumba la Scone, Scotland, nyumbani kwa wazao wa ukoo wa Mansfield, na sasa inatajwa kwa majina ya wanawake wote wawili.